TV ya chogo, simu au kisanduku kipya: gemu za zamani uzichezee wapi leo?

Mwaka jana nilitoa kabatini ile mashine tuliyokuwa tukiiita Nintendo, nikaichomeka kwenye TV bapa ya sebuleni, nikamwita mpwa wangu wa miaka 12 aje aone mjomba wake alikuwa nani enzi zake. Kaseti ya Super Mario Bros. ikakubali mara ya pili. Nikaanza kukimbia kwa mbwembwe. Shimo la kwanza, nikatumbukia. Nikaanza upya, nikatumbukia palepale. Mara ya tatu kijana akashindwa kuvumilia: "Mjomba, mbona unaruka ukiwa umeshaanguka?"

Nikadhani ni uzee. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa mama, nikabeba TV ya chogo ya inchi 14 iliyokuwa stoo nyuma ya magunia, nikaifuta vumbi, nikachomeka mashine ileile na kaseti ileile. Mashimo yote nikayapita kama sina habari nayo. Kumbe tatizo halikuwa kidole.

TV ya chogo huchora picha mstari kwa mstari kadiri mawimbi yanavyoingia, haina inachosubiri. TV bapa hupokea picha nzima, huishika kwanza, huikuza ijaze kioo, huitia urembo wake, ndipo ikuoneshe. Halafu mashine za miaka ya 1980 na 1990 zilitoa picha ya mistari 240, ambayo TV nyingi za sasa huidhania ni nusu ya picha ya mistari 480, zikaanza kuiunga na kuichakata bila sababu. Gemu ya Mario huonesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa milisekunde 16.7. TV ikichelewesha picha sita tu, Mario anayekimbia kwa kasi yake yote ameshasogea pikseli 15, na tofali moja la gemu hiyo lina upana wa pikseli 16. Wewe unabonyeza ukiuona ukingo wa shimo, kumbe mwenzio ameshaupita kwa karibu tofali zima.

Nimeanzia hapo kwa sababu wanaoniuliza wanunue nini ili wacheze gemu za zamani huulizia bei, kisha idadi ya gemu zilizomo. Mimi huwauliza wanakumbuka nini hasa. Kuna anayekumbuka hadithi na muziki wa gemu. Huyo simu itamtosha kabisa. Kuna anayekumbuka mkono, ule mruko unaotoka sawia na kidole. Na kuna anayekumbuka kukaa mkekani na kaka yake wakigombea padi ya kwanza. Njia zipo nyingi leo na kila moja inakurudishia kipande. Sijaona hata moja inayorudisha vyote.

Mashine yenyewe

Kwa huku kwetu, mashine halisi ya zamani inayopatikana bila kuitafuta kwa tochi ni PlayStation 2. Ilitoka Japani Machi 2000, uzalishaji ukakoma mwanzoni mwa 2013, na katikati hapo ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Vibanda vya gemu vililishwa nayo miaka na miaka: benchi la mbao, TV mbili au tatu za chogo, padi zimefungwa waya kwa selotepu, na mwenye kibanda anahesabu mechi kuliko refa. Kwa hiyo mafundi wanaoijua wapo, padi zipo, lenzi za kubadilisha zipo. Tena inasoma na diski za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo ukinunua moja umepata vizazi viwili.

Udhaifu wake ni lenzi. Diski zikichubuka na lenzi ikichoka, gemu inakwama kwenye maandishi ya kupakia. Wengi walikimbilia kwa fundi kutiwa chipu, lakini siku hizi kuna njia nyepesi zaidi: memori kadi yenye programu ya Free McBoot, ambayo huiamsha mashine moja kwa moja kwenye menyu, na hapo Open PS2 Loader inasoma gemu kutoka kwenye flashi. Kabla hujalipia kadi hiyo, geuza mashine usome namba chini. Zile nyembamba za mwisho, za SCPH-90000, nyingi zilitoka na bayosi mpya, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine, inayoikataa kadi hiyo. Na usishangae video za katikati ya gemu zikikatakata: tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, linapitisha data polepole kuliko diski yenyewe inavyosomwa. Ile PS2 nene ina nafasi ya hadidiski nyuma, na kwa hiyo mimi huipendelea ijapokuwa ni nzito kama betri ya gari.

Kama utaichomeka kwenye TV bapa, achana na waya wa njano. Tafuta waya wa picha wenye vichwa vitatu, kijani, buluu na chekundu, kama TV yako ina matundu yake. Tofauti inaonekana na mtu yeyote, hata yule asiyejali. Vile visanduku vya bei chee vya kugeuza AV kuwa HDMI havisaidii sana. Picha inabaki ya ukungu na kukawia kunabaki kulekule. Vipo vigeuzi vilivyotengenezwa kwa kazi hii, kama OSSC na RetroTINK, vinavyoielewa picha ya mistari 240 ilivyo, ila gharama yake inaweza kuizidi mashine yenyewe. TV ya chogo bado ni rahisi kuliko vyote hivyo, mradi umpate mtu anayetaka kuitupa. Kwenye TV bapa, ingia kwenye mipangilio uwashe hali ya gemu. Urembo mwingi unazimwa na kukawia kunapungua sana.

NES na Super Nintendo za Nintendo, na Mega Drive ya Sega, zikiwa halisi, ni habari nyingine. Hizo kwa kawaida itabidi ziagizwe Japani, Marekani au Ulaya, au ubahatishe mtu aliyerudi nazo. Mimi niliagiza Super Famicom, yaani Super Nintendo ya Japani, kwa mtu mmoja, ikafika safi, rangi haijawa hata ya njano. Muuzaji hakusema lolote kuhusu umeme na mimi kwa kiherehere sikusoma. Adapta ya Japani ni ya volti 100. Ukutani kwetu kuna 230. Ilitoa mlio mdogo kama mtu anayesonya, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikakaa chumbani siku mbili. Mashine ilipona, adapta ilikufa. Kabla hujachomeka chochote kilichotoka nje, soma maandishi madogo mgongoni mwa adapta. Isipokuwa imeandikwa 100 hadi 240, tafuta transfoma ya kushusha umeme au adapta nyingine yenye volti, ampea na nguzo za chanya na hasi zinazolingana.

Kuna pia suala la kasi. Marekani na Japani zilitumia mfumo wa NTSC, picha 60 kwa sekunde. Ulaya na sisi tulitumia PAL, picha 50. Watengenezaji wengi hawakujisumbua kurekebisha, kwa hiyo gemu za Ulaya zilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17, na muziki ukavutika pia. Ukikulia kwenye hiyo, toleo la 60 litakushangaza. Mara ya kwanza kumwona Sonic wa Marekani nilidhani kuna mtu anamfukuza.

Halafu betri. Kaseti nyingi zinazohifadhi safari yako zina kibetri kidogo cha duara kilichochomelewa ndani, na baada ya miaka 15 au 20 kinakufa, pamoja na kila ulichokihifadhi. Fundi wa simu anaweza kukibadilisha kwa dakika chache, lakini anapokitoa kumbukumbu inafutika. Na kaseti isiposoma, usiipulize. Najua, sote tulipuliza. Nintendo wenyewe walikuja kukataza, kwa sababu unyevu wa pumzi huyala madini ya meno ya kaseti taratibu hadi yanaota kutu. Kilichokuwa kinafanya kazi ni kule kuitoa na kuirudisha. Pamba ya masikio na spiriti safi inatosha.

Terminator na ndugu zake

Turudi kwenye ile "Nintendo" ya mwanzo. Wengi wetu tuliosema tulicheza Nintendo hatujawahi kushika mashine ya Nintendo. Ya nyumbani kwetu ilikuwa na umbo la Mega Drive ya Sega, imeandikwa Terminator, na ndani ilikuwa nakala ya Famicom, ile mashine Nintendo waliyoitoa Japani Julai 1983, ambayo nje iliitwa NES. Kaseti iliandikwa 9999999 in 1, na ukishuka chini ya menyu unakuta gemu zilezile zimerudi kwa majina mengine, nyingine zinaanza tu na risasi nyingi zaidi.

Nakala hizi bado zinauzwa, sasa zikiwa na umbo la kisimu kidogo chenye gemu 400 au padi mbili zisizo na waya. Ni rahisi kuliko kitu chochote kwenye orodha hii. Lakini leo mashine nzima imebanwa kwenye chipu moja, sauti mara nyingi ni ya uongo, rangi zimehama, na gemu hazina kibali cha mwenye nazo. Kama unamnunulia mtoto mdogo cha kuchezea safarini, sawa. Kama unatafuta Contra uliyoizoea, masikio yako yatakataa kabla ya macho.

Visanduku vidogo vya kampuni zenyewe

Novemba 2016 Nintendo walitoa NES ndogo ya kukaa kiganjani, yenye gemu 30 ndani na waya wa HDMI, kwa dola 59.99. Iligombaniwa kama mafuta ya taa wakati wa uhaba. Septemba 2017 ikafuata Super Nintendo ndogo, gemu 21, mojawapo ikiwa Star Fox 2 ambayo ilikamilika miaka ya 1990 na haikuwahi kuuzwa. Sega wakaja na Mega Drive ndogo Septemba 2019, gemu 42, kazi ikifanywa na M2, studio ya Kijapani inayosifika kwa kuhamisha gemu za zamani bila kuziharibu. Hizi tatu ni nzuri kweli. Unachomeka, unacheza, padi ni mbili kwenye matoleo mengi, na umeme wake ni wa USB, kwa hiyo hata pawabanki inaziwasha.

PlayStation Classic ya Desemba 2018 usiinunue kwa bei yake ya awali ya dola 99.99, na hata ikishushwa ujiulize. Kati ya gemu zake 20, 9 ni matoleo ya PAL ya picha 50, Tekken 3 ikiwemo. Tekken! Gemu ambayo mtu anahesabu fremu, yaani picha mojamoja, za teke. Padi zake hazina hata vile vijiti viwili vya kusukuma kwa gumba. Bei iliporomoka ndani ya wiki chache, na ilistahili.

Shida ya visanduku vyote ni kwamba gemu ulizopewa ndizo hizohizo. Kama uipendayo haimo, haimo. Na zote uzalishaji wake umekwisha, kwa hiyo sokoni utakutana na za mtumba na za kughushi. Ile yenye gemu 620 ndani ya boksi linalofanana na NES si ya Nintendo.

Kulipia kwa mwaka

Mwenye mashine ya Switch ya Nintendo anaweza kulipia Nintendo Switch Online, iliyoanza Septemba 2018 kwa dola 19.99 kwa mwaka, akapata rafu nzima ya gemu za NES na Super Nintendo. Daraja la juu, lililoongezwa Oktoba 2021 kwa dola 49.99, linaleta Nintendo 64 na Mega Drive. Sony nao wana gemu za PlayStation ya kwanza (PS1) na za PSP, mashine yao ya kiganjani, kwenye daraja la Premium la PlayStation Plus tangu 2022. Ni njia halali, safi, unaweza kurudisha nyuma ukikosea, na unaweza kucheza na mtu aliye mji mwingine.

Mimi nililipia mwaka mmoja nikaacha. Gemu si zako. Siku unaacha kulipa rafu inafungwa. Switch inataka iguse intaneti angalau mara moja kila siku 7, jambo linalowatesa walio mbali na mtandao wa uhakika. Malipo nayo kwa wengi wetu yanapitia akaunti ya nchi nyingine na kadi za zawadi zilizonunuliwa kwa mtu wa tatu. Na maduka haya hufungwa. Duka la mtandaoni la Wii, mashine nyingine ya Nintendo, ambako watu walinunua gemu za zamani mojamoja tangu 2006, lilifungwa Januari 2019. La Wii U na 3DS likafuata Machi 2023. Mwaka huohuo Video Game History Foundation, shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya gemu, lilitoa utafiti uliokuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia rasmi. Kwa hiyo mtu anayesema "lipia tu kihalali" hajakosea, ila gemu nyingi hakuna wa kumlipa.

Simu uliyonayo mfukoni

Hapa ndipo vijana wa kwetu walipo, na wala hawaiiti kucheza gemu za zamani. Mpwa wangu ana PPSSPP kwenye Android yake na gemu ya mpira ya PSP ambayo mtu ameibadilisha majina na jezi ziwe za msimu huu. PSP ni mashine ya 2004, kioo chake kilikuwa pikseli 480 kwa 272. PPSSPP iliyoanzishwa na Msweden Henrik Rydgård mwaka 2012 inaichora picha hiyo upya kwa ukali wa kioo cha simu, haihitaji bayosi, haili bando, na inakwenda hata kwenye simu ya bei ya chini. Kwa thamani ya pesa hakuna kinachoikaribia.

Hiyo ndiyo emuleta, programu inayoifanya simu ijifanye mashine nyingine. Kwa NES, Super Nintendo, Mega Drive na Game Boy kuna RetroArch, inayokusanya emuleta nyingi chini ya paa moja. Menyu yake inachosha, lakini ukiizoea hutoki. PlayStation ya kwanza huendeshwa vizuri na DuckStation, ila hiyo inataka faili la bayosi ya mashine. PS2 ni mzigo. AetherSX2 ndiyo iliyowaonesha watu kwamba inawezekana kwenye simu, lakini aliyeitengeneza aliacha Januari 2023 baada ya kuchoshwa na vitisho na matusi ya watumiaji, na hata hivyo inataka simu yenye chipu ya nguvu. Kwenye kompyuta, PCSX2 ni imara. Wenye iPhone walikaa nje hadi Aprili 2024, Apple waliporuhusu emuleta kwenye duka lao, emuleta iitwayo Delta ikaingia mara moja.

Sheria inasemaje? Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony na Connectix, iliona kuwa kunakili bayosi ya PlayStation ili kuichunguza wakati wa kutengeneza emuleta ni matumizi halali. Emuleta yenyewe si kosa. Faili la gemu ni jambo jingine: lina mwenye hakimiliki, na kulipakua bila ruhusa yake ni kuvunja hakimiliki, iwe kwa sheria ya Tanzania ya 1999 au ya Kenya ya 2001. Ukweli ni kwamba karibu kila mtu anafanya hivyo. Sitakuelekeza pa kuyapata, na sitajifanya sijui.

Ubaya wa simu ni vidole. Vitufe vya kwenye kioo havina kingo; gumba linateleza, na linaziba robo ya picha. Nunua padi. Na kama unajali kukawia, nunua ya waya inayoingia tundu la USB-C, kwa sababu Bluetooth inaongeza kuchelewa kwake juu ya kule kwa emuleta. RetroArch ina ufundi mmoja wa ajabu ulioingia 2018, ambao huikimbiza gemu mbele fremu moja au mbili kwa siri, kisha huirudisha kulingana na ulichobonyeza. Kwa simu yenye nguvu, mruko unaweza kuja mapema kuliko TV bapa yenye mashine halisi. Hili nililikataa hadi nilipolipima: weka simu ya pili irekodi kwa mwendo wa polepole, gumba na kioo vionekane pamoja, halafu hesabu picha kati ya kubonyeza na kuruka. Kwenye video ya picha 240 kwa sekunde kila picha ni kama milisekunde 4. Ni kazi ya dakika tano, nayo itakuepusha na mabishano mengi.

Vya kiganjani kutoka China

Katikati ya simu na mashine kuna vifaa kama Miyoo Mini Plus na RG35XX ya Anbernic: kioo cha inchi 3.5, vitufe vya kweli, kazi moja tu. Kioo chao ni pikseli 640 kwa 480, na kwa kuwa picha ya NES ina mistari 240, kila mstari unakuwa miwili kamili, hakuna kupindishwa. Hili dogo ndilo linalofanya herufi zisomeke vizuri kuliko kwenye simu ya gharama mara tano. Tena hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoshuka katikati ya pambano. Ila kadi ya kumbukumbu inayokuja nayo huwa ya ovyo. Inakufa bila kuaga. Nakili vyote vilivyomo kwenye kadi ya kampuni yenye jina siku ya kwanza.

Kuna pia FPGA, chipu inayopangwa upya ili saketi zake zifanye kazi kama zile za mashine ya zamani badala ya programu kuiga. MiSTer, mradi wa wazi ulioanzishwa na Alexey Melnikov mwaka 2017 juu ya bodi ya DE10-Nano, na Analogue Pocket, kifaa cha kiganjani cha 2021, ndizo maarufu. Ni kazi nzuri mno. Kwa mtu anayeanza, ni kununua jahazi ili uvuke kivuko.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa kukawia: mashine halisi kwenye chogo inaongoza, FPGA inafuata kwa karibu, simu yenye padi ya waya na RetroArch iliyopangwa vizuri inashangaza, visanduku vidogo vinategemea TV yako, na mwisho kabisa ni mashine halisi kwenye TV bapa isiyo na hali ya gemu, yaani kile hasa ambacho watu wengi hununua wakidhani wamepata uhalisia.

Kwa wachezaji wawili sebuleni, PS2 haina mpinzani. Simu inaweza kuunganishwa na TV na padi mbili, nimefanya, lakini kila mara kuna kitu kimoja hakijakubali na mgeni ameshaanza kuangalia saa.

Umeme ukikatika, mambo yanageuka. Simu na vya kiganjani haviguswi, na emuleta inahifadhi safari yako popote ulipo. NES halisi inakurudisha mwanzo. PS2 ikizimika ghafla wakati inaandika kwenye memori kadi, unaweza kupoteza kila kilichomo. Nilipoteza msimu wa tano wa ligi yangu hivyo, na tangu hapo sihifadhi kitu jioni mvua ikianza kunyesha.

Kwa pesa, kama una simu tayari, gharama ni padi tu. Mtu mwenye mtoto na asiyetaka kuhangaika na mafaili, akipata Mega Drive ndogo au Super Nintendo ndogo isiyo ya kughushi, achukue. Anayesafiri sana achukue Miyoo. Mwenye Switch tayari alipie mwaka mmoja wa daraja la chini aone kama atazicheza kweli. Mimi nimebaki na viwili: PS2 nene kwenye chogo ya mama, na simu yenye padi ya waya. Ile Terminator nimempa mpwa wangu aifungue aone ndani. Alikuta chipu moja chini ya tone la gundi nyeusi na nafasi tupu inayotosha kuweka mkate.

Ukiamua PS2 ya mtumba, usiende dukani mikono mitupu. Nenda na diski mbili za gemu: moja yenye mgongo wa buluu, ambayo ni CD, na nyingine ya fedha, ambayo ni DVD. Mashine huzisoma kwa miale miwili tofauti, na mara nyingi mmoja huchoka kabla ya mwingine, ndiyo maana muuzaji atakuonesha ile inayosoma tu. Washa, weka ya buluu, subiri ifike kwenye menyu. Toa, weka ya fedha, cheza dakika kumi hadi mashine ipate joto, maana lenzi iliyochoka hudanganya ikiwa baridi. Chomeka memori kadi kwenye matundu yote mawili. Bonyeza kila kitufe cha kila padi, na ile ya pili uijaribu kwenye tundu la pili. Kisha igeuze usome namba chini, kabla hujatoa pesa.